Okot p'Bitek, Mchezaji na Mwanachuoni

Watoto wa Iringa na Mbeya wapigao mpira kwa miguu mitupu, majani yakiwa na umande, watamfahamu upesi mtu huyu. Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake alisifiwa kwa sauti yake, maana alitunga nyimbo na kuongoza ngoma, na mtoto alijifunza kwake nyimbo nyingi kabla hajajua thamani yake.

Alisoma Gulu na Budo, kisha akajifunza ualimu Mbarara. Mwaka 1953 hadithi yake ya kwanza ilipigwa chapa kwa Kiacholi. Akawa mwalimu karibu na Gulu, tena mchezaji hodari wa mpira, hata akachaguliwa katika timu ya Uganda nzima.

Mwaka 1956 timu hiyo ilisafiri kwenda Uingereza, na wengi wao walicheza bila viatu mbele ya Waingereza waliovaa viatu vizito. Mashindano yalipokwisha wenzake walirudi kwao, lakini Okot alibaki. Mpira ulikuwa umemfikisha mahali ambapo mshahara wa mwalimu usingaliweza kumfikisha. Akasoma elimu ya ualimu Bristol, sheria Aberystwyth katika nchi ya Wales, na mwisho akaenda Oxford kujifunza desturi za wanadamu.

Huko ndiko alikopatwa na jaribu. Tangu somo la kwanza aliwasikia walimu wakiwataja Waafrika kwa majina ya dharau, kama watu washenzi wasio na akili. Okot akapinga waziwazi, wala maneno yale hayakukoma. Mwingine angaliondoka kwa hasira. Yeye aliketi akaandika juu ya nyimbo za Waacholi na Walango, nyimbo za namna ile aliyoimba mama yake, na mwaka 1963 akapata shahada kwa kazi hiyo.

Akarudi Uganda kufundisha Makerere. Mwaka 1966 utenzi wake wa Lawino ulitoka Nairobi. Ndani yake mke wa shamba anamlilia mumewe, msomi anayeona haya kwa desturi za kwao. Ajabu ni kwamba kwa elimu yake Okot alifanana na yule mume, lakini sauti aliyoipa nguvu ni ya mke. Baadaye utenzi huo ulitafsiriwa kwa Kiswahili pia.

Wakati huo alikuwa mkuu wa jumba la michezo ya kuigiza la Kampala. Mwaka 1968 aliondolewa katika kazi hiyo kwa kuwalaumu wakubwa wa serikali, akahamia Kenya. Miaka yote ya utawala wa Idi Amin aliishi nje ya nchi yake. Amin alipoondolewa mwaka 1979 Okot alirejea, na mwaka 1982 alikuwa Makerere tena, akiwafundisha vijana utunzi. Alifariki mwezi wa Julai mwaka huo huo, umri wake miaka 51.