Mbaraka Mwinshehe, gitaa la Morogoro lililofika Japani

Msikilizaji wetu uliyeko Soni, Mlalo au Bumbuli, bila shaka nyumbani kwako kuna kijana anayetazama katuni za Kijapani kwenye simu. Hata ukiwa jikoni unajua imeanza, kwa sababu ya ule wimbo wa mwanzo. Picha hujaiona, maneno huyaelewi, lakini muziki umekwishakuambia ni hadithi gani, na pengine umeanza kuuimba kimoyomoyo.

Wazazi wetu huku milimani walilijua jambo hilo kwa njia ya redio. Gitaa lililia kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, na mtu aliyekuwa shambani akachuma maharage aliinua kichwa. Mara nyingi gitaa hilo lilikuwa la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Na Japani yenyewe aliifikia, kama utakavyoona.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo mjini Morogoro ilianzishwa bendi iliyokuja kuitwa Morogoro Jazz, ambayo yeye alijiunga nayo akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Morogoro ya wakati ule ilikuwa na wapinzani wawili wakubwa wa dansi: Morogoro Jazz upande mmoja, na upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na miaka iliyofuata jina lililopanda juu kuliko yote mjini hapo likawa la Mbaraka.

Sifa yake ilianzia kwenye vidole. Alipiga gitaa la solo na papo hapo aliimba na kutunga. Katika nyimbo zake sauti ya mtu ikinyamaza, hadithi haisimami. Gitaa hulipokea neno na kuliendeleza, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko mashairi yenyewe. Ndiyo maana wapo watu wasiokumbuka ubeti hata mmoja wa wimbo wake lakini wanaweza kukupigia solo lake lote kwa mluzi. Mimi naamini hapo ndipo alipowapita wengi.

Maneno nayo hayakuwa ya mapenzi tu. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima aliyegombana naye wakati wa siasa ya Ujamaa. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo, na wako wengi waliobaki na jina la Dk. Kleruu kichwani kwa sababu ya wimbo huo.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Japani. Maonyesho hayo yalidumu miezi sita na kutembelewa na watu zaidi ya milioni 64. Fikiria vijana wa Morogoro wakipiga dansi mbele ya umati wa namna hiyo! Wajapani wakati huo walikwishaanza kutengeneza katuni za televisheni zenye nyimbo zao maalumu. Mbaraka alirudi na wimbo wake mwenyewe kuhusu safari hiyo, akauita kwa jina la maonyesho, Expo 70.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Hapa ndipo penye jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalifikirii. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na studio ya kurekodi bendi, na ndiyo iliyoifikisha sauti ya mwanamuziki kila kijiji, Usambara ikiwemo. Lakini kanda zilibaki redioni. Kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo nchini, na bila santuri hakuna cha kuuza dukani. Mwanamuziki angeweza kujulikana kuanzia Mtae hadi Mtwara na bado akategemea viingilio vya ukumbini. Aliyetaka santuri alikwenda Kenya, na Mbaraka alikwenda. Shida, wimbo unaotajwa kuliko wote aliowahi kutunga, uliuzwa kwa santuri huko Kenya na kupendwa mno.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni upande huu na santuri zake zinafyatuliwa upande ule, hilo halikuwa jambo dogo. Januari 1979 alikuwa Mombasa. Gari alimokuwa likapata ajali, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Super Volcano haikudumu sana bila yeye. Nyimbo zimedumu. Leo kijana wa Lushoto anaweza kurushiwa Shida kutoka simu moja hadi nyingine pale stendi, bila santuri na bila kulipa hata senti. Mwambie aisikilize ile sehemu isiyo na maneno kwanza, halafu arudie.