Koitalel arap Samoei: Shujaa aliyesimuliwa na muuaji wake

KATIKA vilima vya Roret, eneo la Bureti, ambako majani chai yametanda hadi upeo wa macho, jina la Koitalel arap Samoei si geni, ijapokuwa alikuwa Mnandi wala si Mkipsigis. Nduguye, Kipchomber arap Koilege, alihamia kwa Wakipsigis katika miaka ya 1890 baada ya wawili hao kuwania urithi wa baba yao, naye akawa Orkoiyot wa jamii hiyo.

Baba yao, Kimnyole arap Turukat, ndiye anayekumbukwa kwa utabiri wa nyoka wa chuma mwenye kutoa moshi, ambaye angepita katika nchi hadi ziwani. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe mnamo 1890. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1901, reli kutoka Mombasa iliwasili Kisumu.

Koitalel, aliyezaliwa yapata mwaka 1860, alirithi wadhifa wa baba yake, na akawaongoza Wanandi kuupinga utawala wa Uingereza kwa zaidi ya mwongo mmoja. Wapiganaji wake waling'oa vyuma vya reli na kukata nyaya za simu, vitu ambavyo waligeuza kuwa silaha na mapambo. Waingereza walituma majeshi mara kwa mara tangu 1895, lakini hawakufaulu kuwatiisha.

Hatimaye hila ilitimiza kile ambacho bunduki zilishindwa kutimiza. Mnamo Oktoba 19, 1905, Koitalel alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Alipigwa risasi na kuuawa papo hapo, pamoja na wenzake kadhaa. Baada ya kifo hicho upinzani ulivunjika, na Wanandi wakapoteza sehemu kubwa ya ardhi yao.

Meinertzhagen alidai kuwa Koitalel ndiye aliyepanga kumuua. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea lawama, ingawa aliondolewa nchini mwaka 1906.

Hapo ndipo kalamu ilipochukua nafasi ya bunduki. Meinertzhagen alichapisha shajara zake za Kenya mwaka 1957, miaka 52 baada ya tukio, na kwa muda mrefu msomaji wa Kiingereza hakuwa na shahidi mwingine. Katika kurasa hizo, mapambano ya jamii nzima yanafanywa kuwa ulaghai wa mganga mmoja mwenye kuwapotosha watu wake. Hata cheo chake hakikuachwa salama: Waingereza walimwita laibon, neno la Kimaasai, badala ya Orkoiyot.

Si wageni wote walioandika hivyo. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, alitegemea maelezo ya Wanandi wenyewe, akanakili hadithi, methali na vitendawili vyao. Lakini masimulizi yenye baruti husafiri mbali zaidi kuliko vitendawili.

Athari yake haikuishia vitabuni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa wale iliowaita malaibon, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa Koitalel na Kipchomber, wakahamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikuwa tayari kizuizini tangu 1923. Aliachiliwa mwaka 1964, baada ya Kenya kujitawala.

Muda nao umemhukumu msimulizi. Wataalamu wa ndege waligundua kuwa Meinertzhagen aliiba vielelezo katika majumba ya makumbusho na kuviwekea maelezo ya uongo. Aidha, kitabu cha Brian Garfield cha mwaka 2007 kilitilia shaka mengi aliyojisifia.

Mwaka 2006 fimbo za uongozi za Koitalel, ambazo Meinertzhagen alizichukua, zilirejeshwa kutoka Uingereza. Leo limo jumba la kumbukumbu lenye jina lake mjini Nandi Hills. Jamii yake ingali inadai fuvu linaloaminika kuwa lilipelekwa Uingereza. Fimbo zimerudi nyumbani. Heshima ya kusimuliwa na watu wake mwenyewe ndiyo inayorejea polepole.