Karl Schwarzschild na Hesabu Iliyokwama Penye Sifuri

Safari hii tunamtazama mtu ambaye hakuwa Mwislamu, lakini hesabu yake ndiyo msingi wa kila mjadala wa mashimo meusi unaozuka katika halaka zetu.

Karl Schwarzschild alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 1873, mtoto wa kwanza katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka 16 alikwishachapisha makala mbili kuhusu nyota pacha zinazozungukana. Mwaka 1901 akaongoza kituo cha kuangalia nyota cha Göttingen, na mwaka 1909 akahamia Potsdam.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka 40, akajitolea mwenyewe kwenda. Alipima hali ya hewa Ubelgiji, kisha akakokotoa njia za makombora ya mizinga. Vita hivyo hivyo vilikuwa hapa kwetu pia: Wajerumani Gisenyi, Wabelgiji upande wa Goma.

Novemba 1915 Albert Einstein alikamilisha milinganyo yake ya uvutano, lakini majibu aliyokuwa nayo yalikuwa ya kukadiria tu. Schwarzschild, akiwa jeshini, alipata jibu kamili la uvutano unaoizunguka nyota ya mviringo isiyojizungusha. Akamwandikia Einstein tarehe 22 Desemba, naye akaliwasilisha kwenye Akademia ya Prussia Januari 1916.

Likiandikwa kwa namna ya leo, jibu hilo linakwama mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye mpaka unaoitwa kwa jina lake; kwa uzito wa Jua, mpaka huo uko kama kilomita 3 kutoka katikati. Pa pili ni katikati kabisa, penye sifuri. Hapo ndipo panapoitwa singulariti.

Kukwama kwa kwanza kunafanana na suala la kibla. Katika Bahari ya Pasifiki kuna nukta iliyo kinyume kabisa na Makka. Ukisimama hapo, kila upande unakupeleka Makka kwa umbali uleule, na kanuni ya kukokotoa kibla haitoi jibu. Bahari haina kasoro yoyote. Kilichoshindwa ni kanuni. Baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba mpaka wa Schwarzschild ni hivyo hivyo. Penye sifuri hapakutatuliwa kwa njia hiyo.

Mwenyewe hakupenda namba zisizo na kikomo. Katika makala ya pili alichunguza undani wa nyota, akaona kwamba ikibanwa sana shinikizo la katikati linakosa kikomo hata kabla ya kufika kwenye mpaka ule. Akahitimisha kuwa nyota ya aina hiyo haiwezi kubanwa kiasi hicho.

Ugonjwa wa malengelenge ya ngozi ulimrudisha nyumbani Machi 1916. Alifariki tarehe 11 Mei, akiwa na miaka 42. Siku chache kabla, Wabelgiji walikuwa wameingia Kigali.

Mashimo meusi yalikuja kupata ushahidi, na sehemu yake ilianzia pwani ya Kenya: satelaiti Uhuru ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na vipimo vyake viliwasaidia wanafalaki kulitambua shimo la Cygnus X-1. Lakini ushahidi huo ni wa nje ya mpaka. Hakuna chombo kilicholeta habari za ndani.

Hapa nina neno na wenzangu wa daawa. Wapo wanaoishika singulariti kama hoja iliyokwisha thibitika, na wapo wanaoogopa kwamba inambomoa al-Kindi, aliyekataa kuwepo kwa kiwiliwili kisicho na kikomo. Wote wamewahi mno. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, njia ya mwanga ndani ya shimo lazima ikatike. Hakuthibitisha kwamba hapo kuna kitu chenye uzito usio na kikomo. Mwaka 2023 Roy Kerr, akiwa na miaka 89, aliandika kuwa hata kukatika huko hakutoshi kuonyesha kwamba singulariti ipo. Huyo ndiye aliyepata, mwaka 1963, jibu la shimo linalojizungusha, jambo ambalo Schwarzschild hakuwahi kulifikia. Na nyota halisi zote hujizungusha.