Von Steuben: kapteni wa Prussia aliyelifunza jeshi la Marekani kupitia wakalimani

Friedrich Wilhelm von Steuben alizaliwa Magdeburg, katika ufalme wa Prussia, Septemba 1730. Baba yake alikuwa mhandisi wa kijeshi, na kijana huyo alifuata nyayo zake mapema. Katika Vita vya Miaka Saba alijeruhiwa, akatekwa na Warusi, na alipoachiwa akahudumu karibu na Mfalme Friedrich wa Pili mwenyewe.

Amani ya mwaka 1763 ilimwondolea riziki. Jeshi lilipunguzwa, naye akaachishwa kazi akiwa na cheo cha kapteni tu. Miaka iliyofuata alisimamia kasri la mtawala mdogo wa Hohenzollern-Hechingen, huku madeni yakimwandama.

Mwaka 1777 alifika Paris, akakutana na Benjamin Franklin, mjumbe wa makoloni ya Marekani yaliyokuwa yakipigana na Uingereza. Barua ya kumtambulisha kwa Jenerali George Washington ilimtaja kuwa luteni jenerali wa Prussia, cheo ambacho hakuwahi kukishika.

Februari 1778 aliingia kambi ya Valley Forge, Pennsylvania. Wanajeshi walikuwa na njaa, wengine bila viatu, na maradhi yaliua watu wapatao 2,000 katika miezi ya kambi hiyo. Von Steuben aliagiza vyoo vichimbwe mbali na majiko. Kisha akachagua kikosi cha watu wapatao 100, akakifunza kutembea kwa safu, kupakia bunduki na kutumia singe, ili nacho kiwafunze wengine.

Kikwazo chake kikubwa kilikuwa lugha, kwani Kiingereza hakukijua ila maneno machache. Usiku aliandika masomo kwa Kifaransa, na katibu wake, Pierre Duponceau, akayafasiri. Uwanjani, Kapteni Benjamin Walker alisimama kando yake kama mkalimani. Hasira ilipompanda na matusi ya Kijerumani na Kifaransa kumwishia, alimwomba Walker awatukane kwa niaba yake, na askari wakacheka. Hata hivyo, aliwaelewa: aligundua kwamba Mprussia hutii akiamriwa, bali hawa walitaka kwanza kuelezwa sababu, naye akawaeleza.

Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge la makoloni lilimpa cheo cha meja jenerali, na safari hii kilikuwa cha kweli. Mwezi Juni, huko Monmouth, wanafunzi wake walisimama imara mbele ya jeshi la Uingereza. Masomo yake yalichapishwa mwaka 1779 kuwa kanuni rasmi za jeshi, na mwaka 1781 aliongoza divisheni katika mazingira ya Yorktown, ushindi uliokata mzizi wa vita.

Alifariki dunia tarehe 28 Novemba 1794 katika shamba alilopewa jimboni New York, akiwa raia wa Marekani, bila mke wala mtoto. Mali yake kubwa aliwarithisha wasaidizi wake wa zamani wa vitani, akiwemo Walker, aliyekuwa sauti yake uwanjani.