Wakili Argwings-Kodhek

Hapa kwetu Kasikeu mtu akipata kesi ya shamba huambiwa atafute wakili mwenye ofisi kubwa, ndipo ashinde. Mimi nikisikia hivyo humkumbuka marehemu Argwings-Kodhek.

Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka wa 1923. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akavuka bahari na kusomea sheria Uingereza. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya. Serikali ya mkoloni ilitaka kumwajiri kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye elimu ile ile. Akakataa katakata! Akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi.

Si mchezo, bwana. Makampuni ya mawakili wa Kizungu na Kihindi yalikuwa na makarani, vitabu na wateja matajiri. Yeye angepata wapi kazi? Kumbe kulikuwa na wateja wasiogombaniwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mtu kupatikana na risasi tu kungeweza kumfikisha kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Kodhek aliwatetea washukiwa hao, hata akabandikwa jina la wakili wa Mau Mau. Matajiri, nadhani, walilikimbia jina hilo. Lakini kwa mama aliyeshikiwa mwana, hilo lilikuwa tangazo tosha.

Siasa ilimpiga chenga: mwaka wa 1957 Tom Mboya alimshinda Nairobi. Alifariki katika ajali ya gari Januari 1969, akiwa waziri. Barabara moja ya Nairobi ina jina lake.