Abul Kalam Azad: Mshika Mbili wa Bara Hindi

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Onyo hili linafanana na shutuma alizotupiwa Maulana Abul Kalam Azad kwa miaka mingi: kwamba hakuna awezaye kuwa Mwislamu kamili na papo hapo Mhindi kamili. Ikumbukwe kwamba Mhindi hapa ni mwananchi wa India wa dini yoyote, ilhali Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Azad aliutumia umri wake kuitetea tofauti hiyo.

Alizaliwa Makka tarehe 11 Novemba 1888, akapewa jina Muhyiddin Ahmad. Baba yake alikuwa mwanachuoni mwenye asili ya India, na mama yake Mwarabu. Familia ilihamia Calcutta, jiji ambalo sasa huitwa Kolkata, naye angali mdogo. Huko alisomeshwa nyumbani Kiarabu, Kiajemi, mantiki na falsafa. Ujanani aliyatilia shaka mafundisho aliyoyarithi, akajipa lakabu ya Azad, yaani aliye huru.

Mnamo 1912 alianzisha Al-Hilal, gazeti la Kiurdu lililotoka kila wiki. Wakati huo viongozi wengi wa Kiislamu waliona kuwa usalama wa jamii yao umo katika utiifu kwa Waingereza, kwa kuuhofia wingi wa Wahindu. Azad aliipindua hoja hiyo. Kwake, Uislamu wenyewe ulimwajibisha muumini kuupinga udhalimu, na katika wajibu huo Mhindu alikuwa mwenzi. Baadaye alitoa mfano wa mkataba wa Madina, ambao uliwaunganisha Waislamu na Wayahudi. Serikali ililibana gazeti hilo hadi likafungwa mwaka 1914, na kuanzia 1916 hadi mwisho wa 1919 mwenyewe akazuiliwa Ranchi. Alipoachiliwa aliungana na Gandhi, na mwaka 1923 akakiongoza kikao maalumu cha chama cha Congress akiwa na umri wa miaka 34.

Machi 1940, akiwa rais wa chama hicho, alihutubia mkutano wa Ramgarh. Alijivunia urithi wa Kiislamu wa karne 13, asikubali kupoteza hata chembe yake. Kwa fahari iyo hiyo alijitangaza kuwa sehemu ya taifa la India lisilogawanyika. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba lugha, ushairi, mavazi na desturi za nchi hiyo zilikuwa zimefumwa na jamii zote mbili kwa karne nyingi. Siku chache baadaye, huko Lahore, Muslim League ya Jinnah ilidai Waislamu wapewe dola zao. Mwezi Julai Jinnah alimkejeli kwa telegramu, akimwona pambo tu la Congress.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Azad alifungwa kuanzia 1942 hadi 1945, na mkewe Zulaikha akafariki mwaka 1943 bila wao kuonana tena. Mwaka 1946 aliunga mkono mpango wa shirikisho ambalo lingeyapa majimbo madaraka makubwa, lakini mpango huo ukavunjika. Katika kumbukumbu zake alikiri kwamba kung'atuka urais wa chama mwaka huo kulikuwa kosa kubwa. Agosti 1947 nchi iligawanywa. Mamilioni wakahama, mamia ya maelfu wakauawa. Mwezi Oktoba alisimama katika Msikiti wa Ijumaa wa Delhi, akawakemea Waislamu waliokuwa wakifunga virago, kisha akawasihi wabaki kwa kuwa nchi ilikuwa yao pia.

Alikuwa waziri wa elimu hadi alipofariki tarehe 22 Februari 1958, akazikwa karibu na msikiti huo.

Je, moja lilimponyoka? Nchi isiyogawanyika aliyoipigania ilimponyoka, hilo halina shaka. Hata hivyo, dini na uraia, yale mawili aliyoambiwa hayashikiki pamoja, alikufa ameyashika. Sensa ya 2011 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 170 nchini India. Madai kwamba uraia wao ni nusu yangali yanasikika, na jibu la Ramgarh lingali linahitajika.