Harlow Shapley: Mwanahabari aliyeipima Njia Nyeupe

MWAKA 2003 wanajimu wa Ulaya na Australia walitangaza kwamba wamegundua galaksi ndogo iliyojificha nyuma ya nyota za kundinyota la Mbwa Mkubwa, umbali wa miaka ya nuru 25,000 tu kutoka kwetu. Ikiwa ni kweli, hiyo ndiyo galaksi iliyo jirani zaidi na Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua letu limo.

Haukupita muda kabla wataalamu wengine hawajapinga. Walidai kwamba hapo hapana galaksi yoyote, bali ni ukingo wa Njia Nyeupe yenyewe uliojikunja. Ubishi huo haujapata mwisho ambao pande zote zinauridhia.

Ili kuelewa kwa nini watu wenye darubini kubwa na kompyuta za kisasa washindwe kuafikiana juu ya jambo lililo karibu hivyo, hakuna njia nzuri kama kufuatilia maisha ya Harlow Shapley. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha tunapoishi katika galaksi yetu, na ndiye aliyegundua galaksi vibete za kwanza za aina ile inayobishaniwa. Na katika ubishi mkubwa kuliko wote wa sayansi hiyo, ndiye aliyekuwa upande ulioshindwa.

Shapley alizaliwa Novemba 2, mwaka 1885, katika shamba karibu na kijiji cha Nashville, jimbo la Missouri, Marekani. Alikuwa pacha. Masomo yake ya utotoni yalikuwa ya kuungaunga katika shule ya kijijini, na kwa miaka kadhaa hakuwa na elimu zaidi ya ile ya darasa la tano.

Akiwa kijana wa miaka 16 alipata kazi ya uandishi wa habari katika gazeti dogo la mji wa Chanute, Kansas. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za polisi na mahakama: ugomvi wa vilabuni, wizi, na walevi waliolala rumande. Wasomaji wa magazeti wanaijua vizuri aina hiyo ya habari, kwani haijabadilika sana.

Fedha aliyoiweka akiba ilimrudisha shuleni, katika mji wa Carthage, akamaliza masomo ya sekondari kwa muda mfupi na kuongoza darasa lake. Mwaka 1907 alikwenda Chuo Kikuu cha Missouri kwa nia moja tu, kusomea uandishi wa habari. Alipofika aliambiwa kwamba shule ya uandishi haijafunguliwa, na kwamba asubiri mwaka mmoja.

Kuhusu lililofuata, Shapley mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alifungua orodha ya masomo iliyopangwa kwa herufi. Somo la kwanza lilikuwa akiolojia, akaliacha kwa kuwa hakuweza kulitamka. La pili lilikuwa elimu ya nyota, hilo akaweza kulitamka, akalichukua. Huenda hadithi hiyo aliitia chumvi kidogo, maana alikuwa msimulizi hodari, lakini kuchelewa kwa shule ya uandishi ni jambo la kweli. Ilifunguliwa mwaka 1908.

Kutoka Missouri alikwenda Princeton, akawa mwanafunzi wa Henry Norris Russell, na akapata shahada ya udaktari kwa kuchunguza nyota pacha ambazo hufunikana zinapozungukana. Mwaka 1914 alimwoa Martha Betz, waliyesoma naye Missouri. Bibi huyo alikuwa mwanahisabati mzuri, aliyefanya mahesabu mengi ya nyota pamoja na mumewe na kuandika makala zake mwenyewe. Mmoja wa watoto wao watano, Lloyd, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Mwaka huo huo wa ndoa, Shapley aliajiriwa katika kituo cha Mlima Wilson, California, palipokuwa na darubini yenye kioo cha upana wa inchi 60. Huko ndiko alikofanya kazi iliyompa jina.

Kwenye mwinuko huo alivutiwa pia na sisimizi. Mchana alipima kasi yao walipokuwa wakitembea kwenye kuta, akagundua kwamba kadiri joto linavyozidi ndivyo wanavyokwenda mbio, hata akaweza kukisia kiwango cha joto kwa kutazama mwendo wao tu. Alichapisha matokeo hayo katika majarida ya kisayansi bila aibu yoyote.

Usiku alitazama mafundo ya nyota, yaani makundi ya nyota laki kadhaa zilizosongamana mithili ya mpira. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: yako umbali gani?

Ufunguo aliupata kwa mwanamke aliyefanya kazi katika chumba cha mahesabu cha Chuo Kikuu cha Harvard, Henrietta Leavitt. Mwaka 1912 Leavitt alikuwa amethibitisha kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpango, na kwamba zile zinazochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko huo ndizo zenye mwanga mkali zaidi. Kwa hiyo, ukihesabu siku, unajua ukali halisi wa nyota. Ukilinganisha na mwanga unaokufikia, unapata umbali. Ni sawa na kukadiria umbali wa taa ya barabarani usiku endapo unajua nguvu ya balbu yake.

Ndani ya mafundo hayo Shapley alitumia nyota badilifu za aina inayofanana na hizo, ambazo mzunguko wake hauzidi siku moja. Zilizokuwa mbali mno kuonekana, alizikadiria kwa njia nyingine, hatua kwa hatua, kutoka mafundo ya karibu hadi ya mbali.

Mwaka 1918 aliweka matokeo hadharani. Mafundo hayo hayakutuzunguka sawasawa, bali yalijikusanya upande mmoja wa mbingu, kuelekea kundinyota la Mshale, ambalo mabaharia wa pwani yetu wanaliita Kausi. Shapley alisema kitovu cha mafundo hayo ndicho kitovu cha Njia Nyeupe, na kwamba Jua liko mbali nacho sana, pembezoni.

Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini Jua liko karibu na katikati. Copernicus aliiondoa Dunia katikati ya mambo, na sasa kijana wa shamba la Missouri alikuwa analiondoa Jua.

Hata hivyo, vipimo vyake vilizidi mno. Alidai Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru 300,000, ilhali kipimo kinachokubaliwa leo ni kama 100,000, na umbali wa Jua kutoka katikati ni kama 26,000. Hakujua kwamba anga imejaa vumbi linalofifisha mwanga wa nyota. Uthibitisho wa vumbi hilo ulikuja mwaka 1930.

Kosa hilo ndilo lililomponza. Kwa kuwa aliona galaksi yetu kubwa kupita kiasi, alihitimisha kwamba ndiyo ulimwengu mzima, na kwamba yale mawingu ya mwanga yenye umbo la pia, kama lile la Andromeda, ni vitu vidogo vilivyo ndani yake au kandokando yake.

Aprili 26, mwaka 1920, alisimama mjini Washington kujadiliana na Heber Curtis, aliyeshikilia kwamba mawingu hayo ni galaksi kamili kama yetu, zilizo mbali sana. Hakuna aliyetangazwa mshindi siku hiyo. Mwaka uliofuata Shapley alikabidhiwa uongozi wa kituo cha Harvard, alioushika hadi mwaka 1952.

Hukumu ilitoka Mlima Wilson, kituo alichokiacha. Edwin Hubble, ambaye hawakupatana sana, alipata ndani ya Andromeda nyota ya aina ile ile ya Leavitt, akapima umbali wake. Ulikuwa mbali kuliko mipaka yote ya Shapley. Februari 1924 Hubble alimwandikia barua. Mwanafunzi wake, Cecilia Payne, alikuwapo ofisini ilipofika, na alikumbuka baadaye jinsi Shapley alivyomwonyesha karatasi hiyo na kumwambia kuwa ndiyo iliyouvunja ulimwengu wake.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, saa hiyo ndiyo iliyompambanua Shapley na wengine wengi. Hakujifungia ndani kutetea hoja iliyokufa. Aliikubali, akageuka na kuanza kuzihesabu galaksi zile zile alizozikana, kwa maelfu. Mkusanyiko mmoja mkubwa wa galaksi alioutambua miaka ya 1930 unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Hapo ndipo bara letu linapoingia. Mwaka 1927 Harvard ilihamisha kituo chake cha kusini kutoka Peru na kukipeleka Bloemfontein, Afrika Kusini. Katika vioo vya picha vilivyopigwa huko kwa darubini ya inchi 24, kulionekana ukungu hafifu ambao ungeweza kudhaniwa kuwa dosari ya kioo. Shapley alitambua kuwa ni nyota nyingi mno, hafifu mno.

Mwaka 1938 alitangaza galaksi mbili za aina isiyojulikana kabla, moja katika kundinyota la Mchongaji na nyingine katika Tanuri. Ni vibete, zina nyota chache zilizotawanyika, na ni jirani za Njia Nyeupe.

Miaka ya mwisho ya kazi yake iliingiliwa na siasa. Kabla ya vita alikuwa amesaidia wanasayansi waliokimbia utawala wa Hitler, na baada ya vita alitetea ushirikiano na wenzao wa Urusi. Novemba 1946 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka waliodhaniwa kuwa wakomunisti, akahojiwa na mbunge John Rankin. Alitoka akiwa na hasira, akazifananisha mbinu za kamati hiyo na zile za polisi wa siri wa Hitler. Wanasayansi wenzake walijibu kwa kumchagua kuwa rais wa chama chao kikuu. Mwaka 1950 Seneta Joseph McCarthy naye alimtaja, bila kuthibitisha lolote.

Shapley alifariki dunia Oktoba 20, mwaka 1972, huko Boulder, Colorado, akiwa na umri wa miaka 86.

Mwaka 1994, miaka 22 baada ya kifo chake, wanajimu waligundua galaksi kibete inayoraruliwa na mvuto wa Njia Nyeupe katika upande ule ule wa Mshale. Fundo moja la nyota ambalo wataalamu walilihesabu kwa miaka mingi kuwa letu, linalojulikana kama M54, lilikutwa liko katika kitovu cha galaksi hiyo.

Ndiyo maana tangazo la mwaka 2003 kuhusu Mbwa Mkubwa liliaminika haraka. Watetezi wake walionyesha msongamano wa nyota kubwa nyekundu na mafundo kadhaa yaliyo karibu nao. Wapinzani walisema diski ya Njia Nyeupe imepinda kama sahani iliyopata joto, na ukiitazama kwa upande huo lazima uone nyota nyingi mahali pamoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitafuta huko zile nyota badilifu za mzunguko mfupi ambazo Shapley alipimia mafundo yake, kwa kuwa galaksi kibete ya kale hutarajiwa kuwa nazo kwa wingi. Hazikupatikana zaidi ya idadi ambayo Njia Nyeupe peke yake ingetoa.